Mgeni wa Foronya

Effie Pardy aliiweka laptopu juu ya meza ya jikoni, kati ya mkate uliokuwa unapoa na kopo la maziwa, akafuta viganja kwenye aproni, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwanzoni mwa Machi. Barafu ilikuwa imeijaza ghuba ya Pinfold kutoka mwamba wa huku hadi mwamba wa kule, na feri haikuwa imeonekana tangu wiki iliyotangulia. Laptopu ilinguruma kidogo, kama paka anayeota. Kioo chake kikawa cheusi, kisha katikati kikatokea kisanduku cheupe chenye picha ya kufuli. Kisanduku kilitaka neno la siri.

Hapo hapo mtu akapiga hodi.

Pinfold hakuna anayepiga hodi. Ukitaka kumtembelea mtu unasukuma mlango, unakung'uta theluji kwenye buti, unaketi kwenye kitanda kilicho kando ya jiko, na mwenye nyumba anaendelea na alichokuwa akifanya. Kupiga hodi ni kumtangazia mwenye nyumba kwamba hamjuani. Wanaopiga hodi ni polisi, ambao hutoka mbali na hawaji ila mtu akifa vibaya, na wageni wa foronya, ambao huja siku za Krismasi. Hao ni watu wa hapo hapo kijijini waliojivika makoti ya wenzao, buti ya kushoto mguu wa kulia, na foronya ya mto kichwani, ili mwenye nyumba akisie ni nani. Akikisia sawasawa, mgeni huvua foronya na kupewa kinywaji. Akikosea mara tatu, mgeni huaga bila kufunuliwa na kwenda nyumba inayofuata. Haijapata kutokea mtu akamvua mgeni foronya kwa nguvu. Hata walevi wa Pinfold, ambao hawana dogo, hilo hawalifanyi.

"Karibu," alisema Effie bila kugeuka. "Ila Krismasi ilishapita, mpenzi."

Mgeni aliingia. Alivaa koti la mvua la mvuvi, mgongoni amejaza mto mpaka akawa na kibiongo, na juu ya koti hilo amefunga sidiria kubwa ya waridi. Mikononi alikuwa na glavu za sufu. Foronya yake ilikuwa ya maua ya bluu yaliyofifia, yenye matundu mawili ya macho. Theluji iliyokuwa mabegani mwake haikuyeyuka, ingawa jiko lilikuwa linawaka vizuri. Aliketi kiti cha dirishani, akaweka mikono magotini, akatulia kama mtu anayesubiri feri.

Effie alimkatia kipande cha keki ya zabibu, kwa kuwa mgeni ni mgeni, kisha akarudi kwenye laptopu yake.

Laptopu hiyo aliinunua asubuhi kwa Verna Blagdon, shoga yake tangu darasa la kwanza, kwa dola themanini na robo ya nyama ya musi, yule kulungu mkubwa wa huko, kutoka kwenye friza. Verna alisema mwanawe, Alonzo, aliipata Alberta, huko bara, kwa mtu mmoja kambini kwenye visima vya mafuta, naye Alonzo akamletea mamake. Sasa mama alikuwa amenunua mpya, na hii ya zamani ilikuwa inakaa tu kabatini ikila vumbi. "Ichukue wewe, shoga," alisema Verna. "Bora ikusaidie."

Na msaada Effie aliuhitaji. Shangazi Tryphena, ambaye alikuwa shangazi wa kijiji kizima bila kuwa ndugu wa mzazi wa mtu yeyote, alikuwa anastaafu kazi ya posta. Posta ya Pinfold ilikuwa dirisha moja, mizani moja na hita moja, lakini tangu kiwanda cha samaki kifunge milango ndiyo ilikuwa kazi pekee ya mshahara iliyobaki ghubani. Effie alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka yote mpaka siku ya mwisho. Malipo ya kukosa kazi yalikuwa ukingoni. Binti yake, Glenda, alikuwa ameshamwandalia chumba huko Alberta, chini kabisa ya nyumba, chenye kidirisha kinachotazama magurudumu ya gari. Ama Effie apate posta, ama aende akatazame magurudumu. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na yalipokelewa kwa kompyuta tu. Posta haikubali maombi yaliyoletwa kwa posta.

Mlango ulisukumwa, na Verna akaingia na kazi yake ya kufuma kwapani. Alimtazama mgeni, akamkwepa kama mtu anavyokwepa ndoo iliyoachwa njiani, akaketi kwenye kitanda cha jikoni, mahali pake pa siku zote.

"Imewaka?" aliuliza.

"Imewaka. Inataka paswedi."

"Paswedi gani tena?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Mimi sikuweka kitu, shoga. Tangu ije ilikuwa haina maneno." Verna akatafuta ncha ya uzi. "Itakuwa ni yule mtu wa Alberta. Watu wa kambini hawaaminiani hata soksi."

"Na huyu?"

Verna hakuinua macho. "Huyo naye si wa huku. Mwone alivyokaa. Wa bara huyo."

Mgeni alisema kitu, lakini kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa, kama wageni wa foronya wanavyosema ili sauti isijulikane. Ilisikika kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Alikuwa anaomba chai.

Effie aliandika *Alberta*, na papo hapo akamwuliza mgeni, "Wewe ni mtu wa Alberta?" Laptopu ikasema sivyo. Mgeni akatikisa kichwa. Akaandika *Alonzo*. Laptopu ikasema sivyo, mgeni akatikisa kichwa. Akaandika *mafuta*, akiona aibu kidogo kumwuliza mtu kama yeye ni mafuta. Laptopu ikatoa namba ndefu isiyo na maana, ikajizima. Mgeni aliinuka, akashukuru kwa keki, akatoka.

"Angalau ana adabu," alisema Verna.

Jumatatu Effie alimpigia simu fundi wa kompyuta aliyeko mjini, siku nzima ya barabara kutoka gati la ng'ambo. Fundi alikuwa kijana mwenye mafua.

"Mama, hiyo si paswedi ya ndani," alimwambia. "Hiyo ni ya mlangoni kabisa, ya kuwashia. Imekaa kwenye ubao wenyewe wa mashine. Ubadilishe diski, uchomoe betri, uiombee, itakuuliza tu."

"Na mgeni?"

"Mgeni yupi?"

"Huja kila nikiiwasha."

"Ana foronya?"

"Anayo. Ya maua."

"Basi ndiyo hiyo hiyo," alisema fundi, akapiga chafya. "Wa kwa nyanya yangu alikaa mpaka Juni. Niletee mashine nibadilishe ubao, ama umkisie. Ila kwanza mwulize aliyekuuzia."

"Aliyeniuzia ni shoga yangu. Hajui."

Fundi alipenga kamasi. "Haya, mama," alisema.

Kuipeleka mashine haikuwezekana kwa sababu ya barafu. Laptopu mpya ya Verna ingefaa, lakini ilikuwa na virusi. Verna mwenyewe alisikitika sana kusema hivyo. Simu ya Effie ilikuwa ya vitufe. Mwenye duka alikuwa na mashine ya hesabu isiyojua kitu nje ya bei ya unga na bia. Ikabaki kukisia tu.

Kila jioni baada ya kula, Effie aliwasha laptopu, hodi ikapigwa, mgeni akaingia. Verna alikuwepo kila mara. Mjomba Hayward wa nyumba ya juu naye alianza kuja, kwa sababu televisheni yake iliharibika ikawa inaonyesha chenga nyeupe kama theluji, na yeye theluji alikuwa nayo ya kutosha. Alikuwa mzee mwenye meno manne na maoni mengi, na katika ujana wake alisifika kwa kukisia wageni wa foronya mpaka nyumba nyingine zikamkataza kuingia.

"Wewe unakisia kama mtu anayerusha mawe gizani," alimwambia Effie, akipaka molasi kwenye mkate wa kukaanga. "Kuna utaratibu. Kwanza, wafute wote unaowaona. Aliyeketi jikoni na wewe hawezi kuwa chini ya foronya, au vipi? Ukishafuta hao, hesabu nani hayupo. Asiyekuwepo ndiye."

"Wasiokuwepo ni dunia nzima, Mjomba."

"Basi una kazi, mpenzi."

Mgeni alicheka kwa kuvuta pumzi. Verna alicheka pia, kidogo, akahesabu mishono.

Effie alifuata utaratibu. Alimfuta Verna, akamfuta Mjomba Hayward. Akapita nyumba za Pinfold moja baada ya nyingine, akachungulia madirisha yenye taa, akafuta kila aliyeonekana anaosha vyombo au anamfokea mbwa. Verna alimsaidia kwa moyo mkunjufu. Ni yeye aliyefikiria jina la nahodha wa feri, la mchungaji aliyehamishwa, la yule mwanamke wa bima aliyewahi kukwama kwa siku mbili na kula jamu yote ya watu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye. Laptopu ilisema sivyo, mgeni akatikisa kichwa.

"Na wewe hasa unasemaje, Verna?" aliuliza Mjomba Hayward jioni moja. "Siku zote unatoa majina ya watu walio mbali. Zamani hapa jikoni ulikuwa unajua kukisia."

"Nimezeeka, Mjomba."

"Umezeeka? Na mimi na uzee wangu huu niseme nini? Leta chai."

Alhamisi Effie alikuwa amemaliza walio hai. Akakaa mbele ya kisanduku cheupe muda mrefu, kisha, kwa kidole kimoja, akaandika *Selby*. Selby alikuwa mume wake, aliyekufa kwa mapafu miaka mitatu nyuma baada ya majira mazima ya baridi hospitali ya mjini.

"Ni wewe?" alimwuliza mgeni.

Verna alidondosha mshono. Mgeni alimtazama Effie kupitia matundu ya foronya, na safari hii hakutikisa kichwa upesi. Alikitikisa polepole, mara moja tu, kama mtu anayeomba radhi kwa kukosa chenji.

"Si yeye," alisema Effie.

"Selby angeingia bila hodi," alisema Mjomba Hayward. "Na angeanza kwenye keki."

Ijumaa upepo ulivuma kutoka kaskazini na kusukuma barafu zaidi ndani ya ghuba, vipande juu ya vipande. Saa kumi na nusu jioni Effie aliwasha laptopu. Alikuwa na fomu yote kichwani: jina, anwani, kazi alizowahi kufanya, kwa nini anaitaka kazi hii. Hilo la mwisho alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka likawa sentensi tatu safi. Hodi ikapigwa. Mgeni akaingia, akaketi.

"Muda bado upo," alisema Mjomba Hayward. "Huko bara saa zao ziko nyuma yetu. Kwao bado watu wanakunywa chai ya mchana."

"Shangazi Tryphena anasema fomu imeandika saa za hapa," alisema Effie.

"Saa za hapa? Miaka yote hawajatukumbuka, leo ndiyo wanatukumbuka?"

Effie akaandika *Glenda*. Sivyo. Akaandika *Tryphena*, ingawa alikuwa amemwona mchana akipima kifurushi. Sivyo. Kisha akakaa, kidole hewani, akiwa hana jina. Upande wa kitandani sindano za kufumia zililia tik-tik-tik. Kwa kuwa hakuna jina lililobaki, akaandika *Pinfold*, akamwuliza mgeni kama yeye ni Pinfold. Mgeni akatikisa kichwa. Laptopu ikatoa namba yake ndefu, ikajizima, na saa ya ukutani, iliyokuwa ya Selby na haikosei, ikapiga saa kumi na moja.

Effie aliweka kipaji cha uso juu ya meza, akalia kama watu wa Pinfold wanavyolia, yaani bila sauti, mkono mmoja ukiwa umeshika kikombe kisimwagike. Mjomba Hayward alitazama mkate wake. Moto ulikuwa umeshuka, na jiko likaanza kutoa ile baridi ya chuma.

Kwa desturi mgeni alipaswa kuondoka. Hakuondoka. Aliinuka akaenda kwenye jiko, akapiga teke moja kwa kisigino kwenye mguu wa nyuma wa kushoto, akainua kifuniko, akatia kuni mbili, akakirudisha.

Jiko hilo lilikuwa na ugonjwa. Selby aliliangushia nanga mwaka wa kwanza wa ndoa, na tangu hapo kifuniko chake hakiinuki mpaka mguu ule upigwe kwa kisigino, si kwa vidole, na mara moja tu. Wageni huhangaika nalo mpaka wachoke. Glenda mwenyewe hakuwahi kuliweza. Aliyeliweza alikuwa Selby. Effie aliliweza. Na aliliweza mtu mmoja mwingine: yule aliyekuja jikoni hapo kila asubuhi, majira yote yale ya baridi Effie alipokuwa hospitali na Selby, akawasha moto katika nyumba isiyo na mtu ili mabomba yasigande.

Effie aliinua kichwa. Alitazama buti ya mgeni, kisha akatazama kitanda cha jikoni. Sindano zilikuwa zimenyamaza.

"Verna," alisema.

Hakumwambia wa kitandani.

Mgeni alivua foronya. Alikuwa Verna: nywele zimelala kwa joto la kitambaa, kidoti kile cha chini ya sikio, miwani ile ile iliyofungwa plasta kwenye mkono. Wa kitandani naye alikuwa Verna, mwenye kidoti na plasta. Mjomba Hayward alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akalamba molasi kwenye kidole gumba.

"Mgeni amekisiwa," alisema. "Apewe kinywaji."

Desturi ni desturi. Effie alisimama, akatoa chupa ya ramu kabatini, akammiminia mgeni kidogo. Mgeni akanywa, akavua glavu, akaivuta laptopu, akaiwasha. Kisanduku cheupe kilipotokea, aliziba mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama watu wafanyavyo kwenye mashine ya benki, akaandika. Laptopu ikafunguka.

Ndani hamkuwa na kitu. Kulikuwa na picha ya vilima vya kijani na mchezo wa karata. Hapakuwa na jina la mtu wa Alberta, wala picha zake, wala siri yoyote ya kustahili kufungiwa. Effie alifungua ukurasa wa posta. Uliandika kwamba muda wa maombi umekwisha na kwamba wanamshukuru kwa kupendezwa na kazi hiyo.

"Maombi yako uliyatuma lini?" Effie aliuliza. Sasa alikuwa anamwambia wa kitandani.

"Jumanne," alisema Verna.

"Kwa ile yenye virusi?"

"Haina virusi."

"Kumbe nzima."

"Nzima."

Mjomba Hayward alitafuta kofia yake, akakumbuka hakuja nayo, akabaki.

"Ungeniomba," alisema Effie. "Ungesema tu, Effie, kazi hii niachie. Verna, mimi ningekuachia."

"Najua ungeniachia." Verna alikuwa anaviringisha uzi wake, ukazidi kutatana. "Ndiyo maana sikukuomba. Ungeniachia, halafu ungeenda kwa Glenda huku unatabasamu, na mimi kila nikigonga muhuri ningekuwa nakushukuru. Mpaka nife. Nani anaweza kuishi hivyo?"

"Kwa hiyo ukanifungia."

"Nilifikiri utachoka siku ya pili. Wewe nawe huchoki."

"Na ukaja kila jioni."

"Nije wapi kwingine? Kila jioni huwa nakuja."

Hilo lilikuwa kweli. Mgeni, aliyekuwa amekaa na ramu yake, alivuta pumzi ndani, akasema polepole, "Na robo ya musi kaila." Ilikuwa sauti ya Verna kabisa, ila iliyogeuzwa ndani nje.

"Wewe nyamaza," alisema Verna wa kitandani. Akakusanya uzi wake, akasema ana mkate kwenye oveni, akatoka. Hakuna aliyekuwa amesikia habari za mkate huo.

Verna alipata posta katikati ya Aprili. Habari za Ijumaa ile zilikuwa zimeshazunguka nyumba zote, kwa sababu televisheni ya Mjomba Hayward ilikuwa bado inaonyesha theluji, na watu walizipokea kama wanavyopokea habari za upepo. Walimwambia Effie kwamba angalau mashine imefunguka. Walimwambia Verna hongera, wakanunua stempu. "Lazima barua zitoke, mpenzi," Mjomba Hayward alimweleza Effie, na Effie akasema ndiyo, lazima zitoke. Naye alikwenda dirishani siku moja kutuma glavu za mjukuu. Verna alipima kifurushi, akagonga muhuri, akataja bei.

"Neno lenyewe lilikuwa lipi?" aliuliza Effie.

"Neno gani?"

"La laptopu."

Verna alitazama mizani. "Nimelisahau," alisema.

Mgeni hakuwa amelisahau, lakini naye hakulisema. Aliendelea kuja kila Effie alipowasha laptopu, maana kufuli lilikuwa pale pale kwenye ubao, na bila yeye haikufunguka. Effie alimsihi zaidi ya mara moja.

"Siwezi, shoga," alijibu mgeni kwa pumzi yake ya ndani. "Aliyelitunga ndiye wa kulisema. Bado hajasema."

Akaziba mkono, akaandika, akarudi kitini. Baada ya wiki kadhaa aliacha kupiga hodi. Alisukuma mlango tu, akakung'uta theluji yake isiyoyeyuka, akaitundika foronya kwenye msumari wa kofia ya Selby, akaketi kwenye kitanda cha jikoni, ambacho sasa kilikuwa na nafasi. Alikuwa mwenzi mzuri. Alikumbuka mambo yote ambayo Verna alikumbuka: mbuzi waliyemfundisha kupanda ngazi ya kanisa, mwalimu aliyewaweka madawati yaliyo mbali na jinsi walivyozungumza kwa kugonga mbao. Alikuwa na aibu, jambo ambalo mwenzake hakuwa nalo. Effie alicheza karata kwenye laptopu, na mgeni akamwonyesha pa kuweka malkia.

Mwishoni mwa Mei barafu iliondoka na feri ikarudi. Glenda alikuwa amelipa tiketi. Jiko halingeweza kwenda. Mjomba Hayward alipewa, akajifunza teke kwa siku nzima bila kufaulu, akaamua kulifanya meza. Lilikuwa bado halijabebwa. Jikoni kulikuwa na maboksi mpaka dirishani, na laptopu ilikuwa juu ya boksi la vikombe, imewashwa, karata zimepangwa. Mgeni alikuwa anakunywa chai.

Hodi ikapigwa.

Wote wawili walitazama mlango. Effie alimtazama mgeni kitandani, akamfuta. Kisha akahesabu nani hayupo.

"Nani?" aliita.

"Ni mimi." Sauti ilitoka nje kama kawaida, kwa pumzi ya watu wote. "Ni Verna. Nimekuja kuchukua anwani yako mpya, ili barua zikufuate. Ndiyo utaratibu wa posta."

Effie aliweka kikombe chini. Kupitia kitambaa cha dirisha ilionekana koti jipya la bluu la posta, na kichwa kisichofunikwa kitu.

"Ni yule mtu wa Alberta?" aliuliza Effie.

"Effie, ni mimi. Fungua."

"Ni yule mwanamke wa bima?"

"Shoga, acha mchezo. Mlango uko wazi, najua uko wazi."

Ulikuwa wazi. Pinfold milango haifungwi, na aliyekuwa nje alikuwa amesukuma mlango huo maisha yake yote. Hakuusukuma. Mgeni alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na kutazama sakafu.

"Ni mchungaji aliyehamishwa?" aliuliza Effie.

"Si mchungaji."

"Basi sijui," alisema Effie. "Zimetimia tatu."

Verna alikaa kizingitini kidogo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa Pinfold na aliijua desturi, aligeuka, akashuka ngazi, akaelekea nyumba inayofuata. Mgeni aliinuka, akapiga teke mguu wa jiko kwa kisigino, akaongeza kuni. Asubuhi yake feri ilikuja saa mbili, na posta ikafunguliwa saa tatu kamili.